Mhesi Ni Mti wa Asili, Lakini Si wa Usambara

Ukipanda kutoka Muheza, mkoani Tanga, kwenda Amani, barabara ikishapita Zigi na kuanza kujikunja mlimani, ubaridi unaingia garini na kila upande ni kijani. Wageni hutoa simu wakapiga picha. Huwa nawaacha wapige kwanza, kisha nikiulizwa nawaonyesha shina moja refu lililonyooka, majani yake yanang'aa na kingo zina vijino. Halafu jingine. Halafu jingine. Mingi katika miti wanayoidhani ya kale pale kando ya barabara ni mihesi, na mhesi haukuwepo Usambara ya Mashariki mpaka binadamu alipouleta.

Wataalamu wanauita Maesopsis eminii. Ni mti wa Afrika, tena wa Tanzania. Kagera unajiotea, Uganda wanaujua kama musizi, na ukienda Kakamega nchini Kenya utaukuta kwao. Amani ulifika kwa sababu Wajerumani walianzisha pale kituo cha utafiti mwaka 1902, wakajaribisha mamia ya mimea kutoka pembe zote za dunia. Mhesi ulikuwa mmojawapo. Baadaye ukapandwa kwa makusudi kwenye maeneo yaliyovunwa magogo, kwa kuwa hukua upesi na huziba mapengo. Kisha hondohondo wakalionja tunda lake, wakalipenda, na kazi ya kupanda ikatoka mikononi mwa watu.

Hondohondo humeza tunda zima, huruka, na mbegu huiacha mbali. Popote mti mkubwa ulipoanguka au kukatwa na jua likapenya, mche wa mhesi huwahi kuliko wa mnyasa au mtambara, miti mikubwa ya msitu huu. Unafunika, unazaa, ndege wanabeba tena. Hakuna aliyepanda mhesi kwa nia mbaya. Ni mti mzuri, mbao zake zinafaa, na nchini kwetu ni wa asili kabisa. Ndiyo maana mtu akiniambia kwa fahari kwamba yeye hupanda miti ya asili tu, namuuliza: asili ya wapi?

Jibu la "Tanzania" halinitoshi. Hata "mkoa wa Tanga" halitoshi. Mkoa huu mmoja una mikoko pale Mtangata, migunga kwenye nyika ya Handeni, mvule na mkangazi kwenye misitu ya chini, mtambara na msambu kwenye milima ya Amani, na ukivuka hadi Usambara ya Magharibi kule Magamba na Shagayu unakuta mkulo na mwangati. Kutoka Muheza mjini hadi Amani ni safari fupi ya daladala, lakini unapanda kwenye urefu wa karibu mita 900 na mvua inafika karibu milimita 1,900 kwa mwaka. Upande unaotazama bahari unapata mvua ya upepo wa baharini, na upande wa pili wa mlima huohuo unabaki ukisubiri. Mche wa mtambara uliooteshwa vizuri kitalu cha Amani ukiupeleka Pongwe karibu na Tanga mjini utakufa, na mwenye shamba atasema miti ya asili ni migumu.

Nipo kwenye kikundi kidogo kinachotunza kitalu cha kijiji upande wa chini wa msitu, tarafa ya Amani. Simu tunazopokea karibu zote zinaanza namna moja: "Nina ekari mbili, nipe orodha ya miti ya asili." Orodha tunayo. Tatizo ni kwamba tukiitoa kabla ya kuliona shamba, tunauza miche tu. Siku hizi tunaanza na mguu: tunakwenda, tunatembea, tunachimba, tunakaa na wazee wa pale.

Kinachotafutwa kwanza ni kilichokuwepo. Wazee wanakumbuka zaidi ya wanavyodhani, ila usiwaulize "palikuwa na miti gani," kwa kuwa watakutajia ile mikubwa ya mbao tu. Waulize zamani walichonga mchi kwa mti gani, mizinga ya nyuki ilitundikwa kwenye mti upi, kuni za msibani zilikatwa wapi, dawa ya tumbo ya watoto ilibanduliwa kwenye gome la nini. Jina la kitongoji nalo lisikilizwe. Mahali panapoitwa Mvuleni pasipo na mvule hata mmoja panakueleza jambo. Na kama karibu kuna msitu wa matambiko ambao ukoo haukuruhusu panga lifike, huo ndio kitabu. Kule pwani ya Kenya, kaya za Wamijikenda, yaani makazi yao ya kale ndani ya msitu, zilizoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008 zimebaki kuwa vipande vya msitu ambavyo kila anayetaka kurudisha miti ya eneo lile angepaswa kuanza kwa kuvitazama.

Nieleze sehemu ambazo kamati ya maliasili ya kijiji ilitupeleka, kwa sababu zote zilikuwa kwenye kijiji kimoja na kila moja ilitaka kitu chake.

Ya kwanza ilikuwa shamba la iliki lililoachwa. Ukilitazama kutoka ng'ambo ya bonde unaona msitu: minyasa mikubwa, mitambara, vilele vimeshikana. Ukiingia ndani ndipo unaona. Juu kuna paa la majani, chini magotini kuna iliki iliyozeeka na kukondeana, na katikati hakuna kitu. Unaweza kumwona mwenzako aliye mbali sana kwa kuwa hakuna mti wa unene wa mkono wala wa unene wa paja. Iliki hupenda kivuli cha miti mikubwa, kwa hiyo mkulima huiacha mikubwa na kufyeka kila kinachochipua chini yake, mwaka baada ya mwaka. Msitu wa namna hiyo ni kama kijiji cha wazee watupu: wakifa, hakuna wa kurithi. Na mzee mmoja akianguka, kwenye pengo lake anaingia mhesi.

Hapo hatukupanda hata mche mmoja. Mwenyekiti wa kamati hakupendezwa, kwani alikuwa ameshatangaza siku ya kupanda miti na kuwaalika wakubwa. Lakini tulipopiga magoti na kupekua majani makavu tulikuta maotea: misambu midogo yenye majani manene, vinyasa vyembamba kama uzi wa kushonea, na karibu na shina moja kubwa, rundo la mbegu za msambu zilizofukiwa nusu. Mbegu hizo panya buku huzibeba na kuzifukia kama akiba, na zile anazozisahau huota. Kazi yetu ikawa kung'oa iliki kuzunguka maotea, kusimika vijiti na kuvifunga vipande vya kitambaa chekundu ili mwenye panga aone, na kung'oa vichipukizi vya mhesi kwa mkono vikiwa bado vya kung'oleka. Mihesi mikubwa tuliiacha kwanza. Ukiiangusha yote siku moja unafungua jua ghafla, na jua ndilo linaloita mihesi mingine. Tunabandua gome mzunguko mzima kwa mti mmoja hapa na mwingine kule, ukauke pole pole huku mdogo wa chini yake akizoea mwanga.

Alama ya kitambaa tuliiazima Dodoma. Kule wakulima na wafugaji wanafanya kile wanachokiita kisiki hai. Wanatafuta visiki ambavyo mizizi yake bado iko hai, wanachagua machipukizi mawili matatu yaliyo bora, wanapogoa mengine, wanafunga kitambaa, na wanalinda. Mti unaoinuka kutoka kwenye mzizi wa miaka mingi hauhitaji ndoo ya maji, na hauulizi kama mvua za mwaka huu zitachelewa. Halafu una faida moja ambayo hakuna orodha ya kitalu inayoishinda: aina yake haina mjadala, maana umeota pale pale ulipokuwa.

Mfano mkubwa zaidi wa jambo hili upo Shinyanga, na nashangaa kila mara unavyosahaulika tunapoandaa sherehe za kupanda miti. Mapori ya Usukumani yalifyekwa tangu enzi za mkoloni ili kumfukuza mbung'o, pamba ikaongeza, na kuhamishiwa watu vijijini miaka ya 1970 kukavuruga maeneo ya malisho yaliyokuwa yametengwa kwa desturi. Desturi yenyewe ni ngitili: eneo linafungwa masika ili nyasi na miti vipumue, ng'ombe wakaribishwe kiangazi kikikaza. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni ulijikita kwenye vitalu na miche, mingine ya kigeni. Kilichokuja kubadilisha nchi ile ni pale mradi ulipowasikiliza wenyeji na kuirudishia ngitili heshima yake. Mradi ulipofikia mwisho mwaka 2004, ngitili zilizokuwa hekta kama 600 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000. Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa ilikuwa imeshakuja mwaka 2002. Sehemu kubwa ya miti ile haikuonja kiriba cha kitalu.

Kwa hiyo kwenye kila shamba tunauliza: pakilindwa tu, patarudi penyewe? Tunaangalia visiki. Tunaangalia umbali wa msitu ulio hai, kwa sababu mbegu za matunda zinasafirishwa na ndege, popo na nyani, na wanyama hao hawapendi kuvuka uwazi mkubwa. Ndani ya mita mia chache kutoka ukingo wa msitu kuna matumaini. Zaidi ya hapo matumaini yanapungua haraka.

Sehemu ya pili haikuwa na matumaini hayo. Ni mteremko unaoungua karibu kila kiangazi, na leo wote umevaa makangaga yanayomfikia mtu kifuani. Moto ukipita makangaga yanaungua juu, lakini shina lake limelala chini ya udongo, na baada ya wiki chache yanatoa vichwa vilivyojikunja, mabichi kabisa. Tulichimba shimo. Udongo mweusi wa juu haukufika unene wa kiganja, chini yake ni wekundu unaoshikana vidoleni. Ardhi ya milima hii ina sifa mbaya kwa wanaokuja na tamaa: rutuba yake yote imo kwenye kile kitanda chembamba cha juu, na moto na mvua za masika zikishakichukua, kinachobaki ni udongo wenye tindikali ambao mahindi huukataa.

Hapo lazima upande, lakini kupanda ni hatua ya mwisho. Kwanza ni barabara ya moto kuzunguka eneo, na mazungumzo na wenye mifugo na warina asali, kwa kuwa moto una mwenyewe hata kama hatajwi. Kisha makangaga yakatwe, yachipue, yakatwe tena, mara kadhaa ndani ya msimu mmoja, mpaka lile shina la chini lichoke. Anayepanda miche katikati ya makangaga yaliyokatwa mara moja anaizika. Yatarudi, yatakauka, yataangukia miche na kuilaza.

Na miti gani? Sio ile watu wanayoitaka. Kila mtu anataka mtambara, mkulo, mvule, miti yenye jina. Mtambara ni mti wa kivulini utotoni, ukiusimamisha kwenye mteremko ule saa saba mchana unababuka majani. Tulianza na mkumba, mpesi na mshai. Mkumba na mpesi hakuna anayeviheshimu, ni vijiti vya kujiotea kando ya njia, lakini ndivyo vinavyovumilia jua na udongo uliochoka, vinafunika ardhi ndani ya miaka michache na kuyanyima makangaga mwanga. Mpesi unazaa mapema, vitunda vidogo vidogo, na ndege wanakuja. Ndege wakija wanaleta mbegu za mlo wa asubuhi. Wataalamu wa Queensland kule Australia walianza kuifanyia kazi mbinu hii miaka ya 1980, na Chuo Kikuu cha Chiang Mai nchini Thailand kikaiendeleza: unapanda aina 20 hadi 30 zilizochaguliwa kwa kukua upesi, kufunika magugu na kuvuta wanyama, halafu msitu unajimalizia. Sisi hatukufikisha aina 30. Tulikuwa na zile ambazo mbegu zake tuliweza kuzipata, na hilo ni tatizo lenye sura yake mwenyewe.

Sehemu ya tatu, ukingo wa kijito kinachoingia mto Zigi, haikutusumbua kichwa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe, na maji ya Zigi ndiyo yanayojaza bwawa la Mabayani linalonywesha jiji la Tanga, kwa hiyo hakuna aliyebisha hadharani. Mikuyu, mizambarau mwitu, na uzio wa kuzuia mbuzi. Mkaratusi mmoja mkubwa uliokuwepo tulikubaliana na mwenyewe aukate, auze, asipande mwingine.

Kulikuwa pia na uwanda wa majani mgongoni mwa kilima, na hapo tulisema hapana. Kamati ilidhani tumechoka. Uwanda ule unalishiwa ng'ombe wa nusu ya kijiji, na wazee waliozaliwa pale hawajawahi kuuona na miti. Si kila ardhi isiyo na miti ni ardhi iliyopoteza miti. Anayebisha apande mlima Kitonga aende Kitulo, kule kati ya Mbeya na Njombe, kati ya Desemba na Aprili. Ile nyanda ya juu ya majani ina aina zaidi ya 40 za okidi za ardhini, ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Panda misindano pale, hata panda miti ya Tanzania pale, na umeiua. Nchi zetu zimetoa ahadi kubwa kwenye mpango wa Afrika wa kurudisha misitu, Tanzania hekta milioni 5.2 na Kenya milioni 5.1 ifikapo 2030, na hofu yangu ni kwamba ofisa anayetakiwa kujaza hekta kwenye fomu atauona uwanda wa majani kama ardhi tupu inayomsubiri. Wenzetu Kenya walitenga hata siku ya mapumziko, tarehe 13 Novemba 2023, nchi nzima itoke ikapande, katika safari ya kufikia miti bilioni 15 mwaka 2032. Nia naiheshimu. Ningeipenda zaidi siku ya mapumziko ya kwenda kupalilia.

Wakenya hao hao wana somo chungu la Baringo. Mathenge, mti wa miiba, uliletwa kwenye nchi kame kama mkombozi dhidi ya jangwa, kwa nia njema na ufadhili. Ukakamata malisho, ukaziba njia za mifugo, miiba yake ikatoboa kwato, na maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi mpaka wananchi wakaenda mahakamani na mbuzi kibogoyo kama kielelezo. Huo ulitoka Amerika. Wa kwetu ni wa hapa hapa Tanzania. Kwa msitu hakuna tofauti kubwa.

Sasa mbegu. Hapa ndipo orodha nzuri za kwenye karatasi huvunjikia. Mbegu za mkomahoya, ule mti ambao gome lake huuzwa nje kwa dawa ya tezi dume, hupoteza uhai haraka, kwa hiyo ziokotwe, zimenywe na kusiwa mara moja. Mkulo mbegu zake huliwa na wadudu zikiwa bado juu mtini. Bora utafute machipukizi yanayotoka mizizini. Mvule unaota vizuri, unakupa moyo, halafu kijidudu kidogo kinataga kwenye ncha, majani yanavimba vinundu, vinundu vinaoza na ncha inakufa. Mkangazi una kiwavi wake anayetoboa kichipukizi cha juu, mti unagawanyika kuwa panda, na mbao imekwenda. Miti yote miwili ikipandwa peke yake, safu kwa safu, wadudu wanaipitia kama mezani. Ikichanganywa na mingine, chini ya kivuli chepesi, angalau inajificha.

Msambu ndio unaotufundisha subira. Mbegu ni kubwa, ina mafuta, kina mama wa Amani wameziokota na kuziuza kwa miaka. Ukiisia kwenye tuta, inaweza kukaa mwaka mzima na zaidi bila kutoa kitu. Wasaidizi wapya wa kitalu huanza kuifukua kuangalia kama imeoza. Mfadhili aliyekuja na mradi wa miezi kumi na minane hawezi kupanda msambu, hata akiutaka kwa moyo wote. Kalenda yake haimruhusu. Matokeo yake vitalu vingi vinaotesha kile kinachoota haraka, na msitu unaorudishwa unafanana na kalenda ya mradi.

Jambo jingine ambalo linafanywa vibaya karibu kila mahali ni kuokota mbegu zote chini ya mti mmoja, ule ulio karibu na ofisi. Miche inatoka mingi, mizuri, na yote ni ndugu. Miaka thelathini baadaye ndugu hao watachavushana wenyewe kwa wenyewe. Inapendekezwa uokote kwa miti mama 30 au zaidi, iliyoachana mita 50 hadi 100, na kwa miti adimu tunapata pungufu ya hapo, lakini hatuokoti kwa mmoja.

Nisije nikaonekana mtu wa msitu tu. Kwenye mkutano wa kijiji mama mmoja alisimama, akatusalimia vizuri, kisha akauliza: "Huo mtambara wenu, wanangu, mimi nitaupikia lini?" Watu wakacheka, na sisi pia, lakini swali lilikuwa zito kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Mteremko wa makangaga ndiko walikokuwa wakikata kuni. Ukiufunga bila kutoa kuni mahali pengine, utafunguliwa usiku. Tukakubaliana kila kaya inayotaka ipewe miche ya mgrivea ya kuzungushia shamba karibu na nyumba. Mgrivea ni wa Australia, najua. Kwenye shamba la mahindi sina ugomvi nao, kama nisivyo na ugomvi na mitiki ya Longuza pale chini. Ile ni shamba la mbao na inajulikana hivyo. Ugomvi wangu ni na anayepanda mitiki na kuandika kwenye bango kwamba amerudisha msitu.

Kipo kikwazo kimoja ambacho hakimo kwenye udongo wala kwenye mbegu. Mzee mmoja mwenye shamba zuri la bondeni alinitembeza, na kwenye mpaka wa mihogo tukakuta mche wa mvule uliojiotea, una afya, umenifika kiunoni. Akainama, akaushika shinani na kuung'oa huku akiendelea na habari za bei ya karafuu. Nilipomuuliza hakuona haya. "Mwanangu, huu ukikua si wangu tena. Nikitaka kuukata natembea ofisi baada ya ofisi, na mbao nikizibeba nasimamishwa geti. Mgrivea haniulizi mtu." Hilo analolisema lina msingi. Mvule ni kati ya miti ambayo kibali chake ni safari ndefu hata kama umeota uani kwako, na utaratibu uliowekwa kuulinda umemfanya mkulima auogope ukiwa mdogo. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kuwa na hifadhi yake ya msitu na kuisimamia, na hilo limesaidia mahali pengi. Kwa mti mmoja mmoja shambani, bado.

Tunachofanya kwa sasa ni daftari. Anayepanda au kuacha mti wa asili shambani kwake anaandikisha kwa mtendaji wa kijiji: aina, mahali, mwaka, jina la mwenye shamba na la anayepakana naye, sahihi na muhuri. Siku ya kuomba kibali awe na karatasi inayosema mti ni wake na aliutunza yeye. Hakuna kifungu kinachotulazimisha kufanya hivyo, na hakuna mti kwenye daftari uliokwisha kufikia kukatwa, kwa hiyo karatasi zenyewe hazijajaribiwa mbele ya ofisa yeyote. Mzee wa mihogo aliandikisha mivule miwili, akakataa wa tatu kwa kuwa uko karibu mno na kisima. Kama kijijini kwenu mna utaratibu uliokwisha kupita mikononi mwa maofisa ukakubalika, ningependa sana kuuona ulivyoandikwa.